Mota ya geti, kamera, intakomu na uzio wa umeme: bomba moja linatosha?

nzuguni_saiti

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua wayaringi kabla mtaro haujafukiwa.

Nyumba iko Nzuguni, Dodoma. TANESCO wameleta fezi tatu kwa sababu ya pampu ya kisima. Kutoka DB (boksi kuu la breka) mpaka nguzo ya geti ni mita 42 kwa kufuata mtaro. Fundi ameshalaza bomba moja la PVC la milimita 25, lile jeupe la umeme, kina kama futi moja. Humo anataka kupitisha:

- waya tatu za milimita za mraba 2.5 (laivu, nyutro, ethi) za mota ya geti na taa mbili za nguzo
- Cat6 moja ya kamera, ambayo inabeba na umeme wa PoE (umeme mdogo wa kamera unaopita kwenye kebo hiyo hiyo ya mtandao)
- kebo ya intakomu, kora nne nyembamba
- kebo ya uzio wa umeme, kutoka enajaiza (mashine inayotia umeme kwenye uzio) iliyoko stoo mpaka ukutani karibu na geti

Anasema kila waya una ganda lake, kwa hiyo hakuna shida. Kijana wa kamera amegoma, anasema picha zitakatika na mashine ya kurekodia itaungua. Nani yuko sahihi? Na kama ni kosa, ni kosa la hatari au ni la ubora tu?

Swali dogo la pili: floti swichi ya tenki la juu, waya wake unaweza kupita bomba moja na waya za pampu za fezi tatu?

---

mega_500v

Mkuu, kijana wa kamera yuko sahihi, ingawa ameanzia kwenye sababu ndogo. Picha kukatika ni kero. Jambo kubwa ni mkono wa mtu atakayefungua kamera akidhani ana volti 48 za PoE tu mbele yake.

Kanuni tulizofundishwa wengi wetu ni zile za Kiingereza, BS 7671. Zinagawa saketi katika makundi mawili. La kwanza ni volti ndogo, yaani isiyozidi 50 kwa AC au 120 kwa DC, pamoja na simu, data, kengele na alamu. La pili ni kuanzia hapo hadi 1000 AC au 1500 DC, na humo ndimo zilimo 230 na 400 zetu. Makundi haya mawili hayaruhusiwi kukaa ndani ya bomba moja, isipokuwa kila waya uliomo, hata ule wa volti 12, uwe na insulesheni inayohimili volti kubwa kuliko zote zilizomo humo. Njia nyingine inayokubalika ni kuzitenganisha ndani kwa ndani: trankingi yenye vyumba viwili, au kebo ya kora nyingi ambayo kora za volti ndogo zimefunikwa na ngao ya chuma iliyofungwa ethi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi si kama waya una ganda, bali ganda hilo limetengenezwa kwa volti ngapi. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye waya wenyewe. Waya za kora moja za 2.5 zimeandikwa 450/750V. Zile bapa za kora mbili na ethi zimeandikwa 300/500V. Sasa geuza Cat6 yako usome: utaona aina, ukubwa wa waya, pengine urefu kwa mita, lakini 450/750 hutaiona. Kora za intakomu ndiyo kabisa, ganda lake ni jembamba kiasi kwamba unalimenya kwa kucha.

Hatari yenyewe huanzia kwenye kuvuta. Bomba la PVC likikatwa kwa msumeno linabaki na makali ndani ya mdomo, na mafundi wachache sana huyapitisha tupa au msasa kabla ya kugundisha kapla. Mita 42 ina kapla zisizopungua 13 kama bomba ni za mita tatu. Kila kapla ni sehemu ya kukwaruza. Ganda la 2.5 linachubuka kidogo, la intakomu linachanika, kisha zote mbili zinakaa zimebanana, bomba linapata unyevu masika, na 230 inaingia kwenye kora ya intakomu. Breka haiangushi chochote, kwa sababu kora hiyo haijafika ethi. Inasubiri mtu aguse kitufe cha geti.

Kuhusu nafasi, fundi wako hajakosea hesabu. Bomba la 25 lina kipenyo cha ndani kama milimita 21, na asilimia 40 ya eneo lake inatosha mzigo huo. Ndiyo maana anaona ni sawa. Vinaingia, lakini havitakiwi kukaa pamoja.

---

kibla_wiring

Naongezea hapo hapo. Watu wanachanganya "volti tofauti" na "makundi tofauti". 230 ya soketi na 400 ya fezi tatu ni kundi moja, na waya za 450/750 zinazihimili zote. Zikipita bomba moja hakuna kanuni iliyovunjwa, mradi hesabu ya joto iko sawa na kila saketi imekwenda na nyutro yake mwenyewe.

Hilo la nyutro msilipuuze. Ukikopa nyutro ya saketi ya jirani kwa sababu iko karibu kwenye boksi, RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) itaanguka kila ukiwasha taa. Wenye nyumba hulaumu RCD, wengine huitoa kabisa. Na kama hakuna RCD ni kubaya zaidi: umezima breka ya taa, unafungua nyutro, kumbe inabeba mzigo wa saketi nyingine. Ikiachia mkononi, upande mmoja unakuwa na 230 kamili kupitia vifaa vya watu.

Rangi nazo. Maduka ya Majengo bado yanauza nyekundu na nyeusi sambamba na kahawia na bluu. Kwa mfumo wa zamani nyeusi ni nyutro. Kwa mfumo mpya wa fezi tatu (kahawia, nyeusi, kijivu) nyeusi ni laivu ya pili. Ukichanganya mifumo miwili ndani ya bomba moja lenye fezi tatu unamtega fundi atakayekuja baadaye. Chagua mfumo mmoja kwa nyumba nzima.

---

ihumwa_tech

Mbona kuna video ya Mmarekani anasema hata ukiwa na ganda la volti 600 kwenye waya wa volti ndogo bado hairuhusiwi? Mega unasema ganda likiwa sawa inaruhusiwa.

---

mega_500v

@ihumwa_tech wote wawili tuko sawa, kila mtu na kitabu chake. Kwa Marekani, saketi za nguvu zisizozidi 1000V zinaweza kukaa pamoja kama kila waya una insulesheni ya volti kubwa iliyomo. Lakini wana daraja maalumu la volti ndogo yenye nguvu iliyobanwa, zile za kengele, thermostati na vitu vya aina hiyo. Hizo haziruhusiwi kuchanganywa na waya za nguvu hata ukizivika ganda nene, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Hoja yao ni kwamba ile saketi inahesabika salama kwa sababu haiwezi kabisa kupata nguvu kubwa, kwa hiyo usiipe nafasi ya kuipata. Pia wao ni 120/240 kwa 60Hz, vifaa vyao na mabomba yao ni vingine. Video za kule zinafaa kujifunza kazi ya mkono. Jedwali na ukubwa wa waya usichukue kule.

Mimi kwa kazi za nyumbani nafuata tabia ya Wamarekani kwa kanuni ya Waingereza: inaruhusiwa, ila sifanyi. Bomba la pili la mita 42 ni pesa ndogo ukilinganisha na kufukua tena.

---

fensi_hv

Hakuna aliyegusa kebo ya uzio, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwenye orodha ya mleta mada.

Enajaiza inatoa mapigo ya kilovolti kadhaa, nyingi zinafika 8 mpaka 10, karibu pigo moja kila sekunde. Hapa hakuna waya wa kawaida unaohimili. 450/750 yako ni kama haipo. Kebo ya uzio lazima iwe ile maalumu ya volti kubwa, na bomba lake liwe la peke yake kuanzia enajaiza mpaka ukutani. Hakuna laivu humo, hakuna Cat6, hakuna chochote. Bomba la chuma usitumie kwa kebo hii. Na kebo isiungwe njiani chini ya ardhi. Kila kiungo kinakuwa mahali pa kuvujia.

Likivunjwa sharti hilo, dalili zinafuatana hivi: kwanza intakomu inapiga "tik, tik" kwa mdundo wa enajaiza. Halafu kamera inapoteza mtandao na kurudi. Mwisho pigo linapata mwanya kwenye ganda lililochubuka na linaingia kwenye swichi ya PoE. Hapo kila kilichounganishwa na swichi hiyo kiko hatarini, na laivu ya mota ikifikiwa, pigo linarudi mpaka DB.

Ethi ya uzio nayo ni ya peke yake. Usiifunge kwenye ethi ya nyumba. Piga vyuma vyake mbali angalau mita 10 na chuma cha ethi cha mita ya umeme. Kwa udongo wetu wa Dodoma, ambao kuanzia Juni mpaka mvua zianze ni mkavu kama unga, chuma kimoja hakitoshi. Piga vitatu, kila kimoja mita 1.5 au zaidi, viachane kwa umbali usiopungua urefu wa chuma, viunganishwe kwa waya mmoja na klempu za shaba. Uzio ukipiga vizuri Machi na kulegea Septemba, kagua ethi kwanza kabla ya kununua enajaiza kubwa.

---

nzuguni_saiti

Nimewaelewa, asanteni. Kwa hiyo nina mabomba matatu. Je, nikiyalaza yote kwenye mtaro huu huu inatosha au nichimbe mwingine? Na kuna mtu kaniambia nihamishe transfoma ya mota ndani ya nyumba, nipeleke 24V DC getini, hapo nitakuwa na volti ndogo tu kwenye bomba na nitachanganya bila wasiwasi. Ni wazo zuri?

---

kibla_wiring

Wazo la 24V halisimami. Waya wa 2.5 unapoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Geti la kuteleza likianza linaweza kuvuta ampea 10. 18 × 10 × 42 ni milivolti 7,560, yaani volti 7.5 zimepotea njiani kati ya 24. Geti litaguna na kusimama katikati. Kuokoa hilo utahitaji waya wa 10 au 16, na hapo bei imeshapita mabomba yote matatu. Kwa 230, mota hiyo hiyo pamoja na taa ni kama ampea 3 tu, unapoteza volti mbili na kitu, hakuna anayejua. Peleka 230.

Mtaro mmoja unatosha, ila futi moja ni kina kidogo. Nenda milimita 600, hasa sehemu ya kupita gari. Geti la nyumba inayojengwa linapitisha Fuso la mchanga na boza la maji, na bomba jeupe jepesi linapondeka kama liko juu. Sehemu ya barabara tumia bomba nene, la 50, au kebo yenye nyaya za chuma, ile inayozikwa moja kwa moja.

Mpangilio wangu: bomba la 230 upande mmoja wa mtaro, la data na intakomu upande wa pili, achia milimita 300 kati yake. Zikilazimika kupishana, zipishane kwa pembe ya mraba na zisigusane, achia 100 au weka kigae cha zege katikati. Kebo ya uzio naona ipite kabisa njia nyingine kama ukuta unaruhusu, kwa sababu enajaiza iko stoo na uzio uko juu ya ukuta. Kwa nini ishuke chini mita 42 wakati inaweza kupanda ukutani pale pale stoo na kuanzia hapo?

Juu ya mabomba weka mchanga laini sentimita 10, udongo, halafu utepe wa tahadhari kabla ya kujaza juu. Mawe makubwa yasirudi mtaroni.

---

fensi_hv

@kibla_wiring umenena. Kuanzia uzio stoo kunaondoa tatizo lote. Getini unahitaji tu kuvusha uzio chini ya geti, na hapo kipande cha kebo ya volti kubwa cha mita tano au sita kwenye bomba lake, si 42.

---

paneli_na_pampu

Nijibu la floti swichi, kwa sababu jibu lake lina ndiyo na lina lakini.

Kwa usalama: tumia waya za 1.5 zenye 450/750 kwa floti na zinaweza kupita bomba moja na waya za pampu, 400 baina ya fezi. Floti swichi nyingi za madukani zenyewe zimetengenezwa kwa 230. Usitumie waya wa kengele wala kora mbili za Cat6 iliyobaki. Kanuni haijavunjwa hapo.

Kwa utendaji: waya mbili zinazokwenda sambamba zinakuwa na kapasitansi (uwezo wa kupenyezeana AC bila kugusana) baina yake, tuseme kama pikofaradi 100 kwa mita. Tenki liko mita 70 kutoka paneli, unapata nanofaradi 7. Kwa 50Hz hiyo ni kizuizi cha kilo-omu kama 455, kwa hiyo laivu ya 230 iliyo pembeni inapenyeza kama nusu ya milliampea kwenye waya wa kurudi, hata floti ikiwa imefunguka. Ukipima kwa multimita ya kidijiti utaona 60, 80, wakati mwingine zaidi ya 100. Mafundi wengi hapo wanaanza kutafuta waya uliochubuka ambao haupo. Pima tena ukiwa umeunganisha balbu ya kawaida ya waya wa ndani, si ya LED, sambamba na mita. Volti ikizama kuwa sifuri, ni ya kupenyeza tu. Ikibaki na balbu ikawaka, tafuta mchubuko.

Je, nusu milliampea inadhuru? Inategemea kinachopokea. Koili ya 230 ya kontakta (swichi ya sumaku inayowasha pampu) inahitaji milliampea 30 hadi 40 kushikilia, kwa hiyo haitajali. Lakini ukiwa na rilei ndogo ya kielektroniki, taima, ingizo la kidhibiti au kitaa cha LED, inaweza isiachie. Tenki limejaa, floti imekata, pampu inaendelea, maji yanamwagika usiku kucha. Na kisima cha hapa kikinyonywa mpaka chini, pampu inafanya kazi kavu na kuungua.

Dawa: endesha saketi ya floti kwa 24V DC kutoka kwenye paneli, na rilei ya kati ndiyo ifungue kontakta. DC thabiti haijipenyezi, na ile AC ya jirani inadhoofishwa na koili yenye ukinzani mdogo. Waya ubaki ule ule wa 450/750 kama uko bomba moja na pampu. Hapo ndipo watu wanakosea: wakishusha volti kuwa 24 wanashusha na ganda la waya.

Elektrodi za kupima usawa wa maji kisimani ni habari nyingine. Zile zinasoma ukinzani wa maji kwa volti ndogo sana, kilo-omu kadhaa, na zinayumbishwa kirahisi. Kuanzia kinywa cha kisima mpaka paneli zipe bomba lake.

---

veyula_solar

Wadau, na sisi wa sola? Nina taa za 12V za betri na taa za TANESCO. Bomba za dari zimeshalazwa. Naweza kuvuta 12V humo humo?

---

paneli_na_pampu

@veyula_solar kama taa zako za 12V utazivutia kwa waya za 450/750 za 2.5, unaweza. Kwa 12V utahitaji waya mnene hata hivyo kwa sababu ya volti kushuka, kwa hiyo si gharama ya bure. Ila usitumie rangi zile zile za TANESCO. Mtu akifungua boksi la dari akakuta nyekundu mbili, moja ya 12 na moja ya 230, anaunganisha anavyodhani. 230 ikiingia kwenye 12V, kidhibiti cha sola kinaungua sekunde hiyo hiyo, na kila kishikio cha taa ya 12V ambacho watoto wanakigusa bila woga kinakuwa na moto. Boksi za viungo ziwe tofauti hata kama bomba ni moja. Kwenye swichi pia: swichi ya njia mbili, upande mmoja 12V na mwingine 230, isiwepo kabisa.

Waya za kutoka kwenye paneli juu ya bati ni suala jingine. Paneli nane za mfululizo zenye volti 49 bila mzigo kila moja ni 392V DC. Hiyo si volti ndogo hata kidogo, ni kundi la pili. Na cheche ya DC haijizimi. AC inapita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche inapata nafasi ya kufa. DC inaendelea kuwaka mpaka mwanya uwe mkubwa au kitu kiyeyuke. Zaidi ya hapo, ukizima meini swichi, zile bado zina moto muda wote kuna jua. Zima moto hajui, fundi hajui. Zipe bomba lake, kebo za sola zenyewe za 1500V DC, na lebo kila baada ya mita tatu na kila boksi.

---

mega_500v

Kwa kuwa dari zimetajwa, niseme moja linalosahaulika: hata volti zikiwa sawa, kujaza saketi ndani ya bomba moja kunapunguza uwezo wa waya, na bati za Dodoma zinaongeza tatizo.

Waya wa 6 ndani ya bomba unabeba ampea 41 ukiwa peke yake kwenye nyuzi 30. Weka saketi mbili bomba moja, zidisha kwa 0.8. Juu ya dari chini ya bati Oktoba saa nane mchana, hesabu nyuzi 50, zidisha kwa 0.71. 41 × 0.8 × 0.71 ni 23.3. Shawa ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 24, na breka yake ni 25. Umeshapita. Shawa hiyo hiyo ikiwa na bomba lake: 41 × 0.71 ni 29, unapumua. Waya wa 4 wenye ampea 32 hautoshi hata ukiwa peke yake, unabaki na 22.7. Na soketi za 2.5 zikikaa bomba moja na saketi nyingine moja juu ya dari hilo zinabaki na 13.6, wakati wengi huweka breka ya 20 bila kufikiri.

Kama bomba zinapita ukutani na chini ya sakafu badala ya dari, 0.71 inaondoka. Hilo ni la kuamua kabla ya plasta.

---

chamwino_2

Na bomba za chuma?

---

kibla_wiring

@chamwino_2 kwa bomba la chuma, laivu na nyutro ya saketi moja, au fezi zote tatu za mota moja, lazima zipite bomba moja. Ukipitisha laivu bomba hili na nyutro bomba lile, sumaku haifutani, chuma kinapata mikondo ya ndani na bomba linachemka. Ni kinyume cha wanavyodhani wanaosema "kutenganisha ni salama zaidi". Unatenganisha saketi na saketi. Waya za saketi moja hazitenganishwi.

---

nzuguni_saiti

Safi sana. Nimeongea na fundi, amekubali kufukua. Naomba mnihakikishie kabla sijaenda dukani: bomba la 25 lililopo nibaki nalo kwa 230, niongeze la 32 kwa Cat6 na intakomu, uzio uanzie stoo. Cat6 niliyonunua ni ya ndani ya nyumba, ya kijivu. Na vipimo gani nimdai fundi kabla ya kufukia?

---

mega_500v

Mpango uko sawa. La 32 kwa data ni uamuzi mzuri, utakuja kuongeza kamera. Acha humo waya wa kuvutia, kamba ya nailoni ngumu, usitumie katani kwa sababu inaoza. Kona zote ziwe za kukunja kwa springi, si elbo za kubandika, na zisizidi mbili za nyuzi 90 kati ya boksi na boksi. Ukihitaji ya tatu, weka boksi.

Cat6 ya ndani iache kwa ndani. Bomba la chini ya ardhi huingia maji masika hata ukiligundisha vizuri, kwa umande tu. Nunua ya nje yenye ganda jeusi la polithini na jeli ndani. Mita 42 pamoja na vipande vya mwisho bado uko chini sana ya mita 100 ambayo ni mwisho wa Cat6 na PoE. Midomo ya mabomba yote mawili izibwe kwa silikoni baada ya kuvuta, panya na mchwa wasipande nayo hadi DB. Weka kizuia radi cha laini ya data pande zote mbili, getini na kwenye swichi. Ukitaka kuondoa kabisa habari ya radi na muingiliano, vuta faiba isiyo na chuma ndani. Hiyo haina shoti hata ukiilaza karibu na laivu, ila kamera itahitaji umeme wake pale getini.

Vipimo: fungua breka, ondoa mota, taa, kamera, intakomu na swichi ya PoE, kila kitu chenye elektroniki. Pima insulesheni kwa mega, 500V DC: laivu kwa nyutro, laivu kwa ethi, nyutro kwa ethi. Isipungue megaomu 1, na kwa waya mpya ndani ya bomba kavu inatakiwa iwe mamia. Ikisoma 2 au 3 kwa waya mpya, usifurahi kwamba imepita. Toa waya utafute ulipochubuka. Saketi za volti ndogo pima kwa 250V, kima cha chini ni nusu megaomu. Kisha mwendelezo wa ethi kutoka DB mpaka mwili wa mota. Saketi ya geti iwe na RCD ya milliampea 30, ibonyezwe kitufe chake mbele yako, na ipimwe kwa mashine kama fundi anayo.

Fundi mwenye leseni ya EWURA anatakiwa kukuandikia vipimo hivyo. Piga picha mtaro ukiwa wazi na futi ya kupimia ikiwa imelazwa kutoka kona ya ukuta.

---

kibla_wiring

Na ukinunua waya, usikate mita 42 kamili. Acha mita mbili kila upande, na upande wa DB acha tatu.